Goti la Mjaka na Kiti cha Mfenesi

Sokomuhogo nzima ililijua goti la Mjaka. Wako watu mjini Unguja waliojulikana kwa sauti zao, wengine kwa ukoo, wengine kwa ubahili. Mjaka fundi saa alijulikana kwa goti la kushoto, na goti lenyewe alilitunza kama mtu anavyomtunza mbuzi wa maziwa: alilisugua, alilifunika, na kila siku alilikamua kidogo.

Liliumia mwaka wa sitini na tano, katika uwanja wa Mnazi Mmoja. Mjaka wakati huo alikuwa winga, tena winga wa kuudhi. Beki aliyepangiwa kumzuia alikuwa Silima, seremala aliyetoka Chwaka kuja mjini kutafuta kazi, rafiki yake wa kucheza naye bao kila jioni. Mjaka alimpiga chenga ya kwanza, akacheka. Akampiga ya pili, kisha akasimama kumngojea ili ampige ya tatu. Silima aliufuata mpira kwa miguu yote miwili, wakaanguka pamoja, na mlio ukasikika mpaka kwa wauza miwa. Waliokuwa karibu walisema mlio ulikuwa wa mara mbili, ka, halafu tena ka. Hakuna aliyewauliza kwa nini mara mbili, maana Mjaka alikuwa chini anamwita mama yake, na watu wote walimkimbilia yeye.

Hospitali kulikuwa na daktari Mjerumani, jina lake Krauze, mrefu, mwenye mikono mikubwa na subira ya ajabu. Alimweleza Mjaka kwamba ndani ya goti mna ukano unaoshika mfupa wa paja na wa muundi isitelezeane, na ukano huo ulikuwa umekatika. Akachukua kipande cha ukano mwingine pajani mwa Mjaka mwenyewe, akatoboa mifupa, akakipitisha matunduni kama utepe unavyopitishwa kwenye kiuno cha suruali, akakikaza na kushona. Mjaka alikaa ndani ya plasta wiki nyingi, akalalamika zote. Siku ya kuagana Krauze, ambaye Kiswahili alifundishwa na wauguzi, alimwambia, "Fanya mazoezi. Mwaka mmoja, utakimbia. Mimi nitarudi siku moja kuangalia kazi yangu." Mjaka akashukuru, na hilo la kurudi hakulitia maanani. Wageni wengi husema watarudi.

Silima alikuwa na majuto ya kweli. Alikuja kukaa kando ya kitanda, akainamisha kichwa.

"Mjaka, nimekuvunja mguu. Mpaka upone, mie ndo mguu wako."

Na akawa. Alimchotea maji, alimwendea sokoni, alimpandishia makaa ghorofani kwa ngazi zile za mawe zilizolika katikati. Na kwa kuwa goti lilikataa kukunjika, akamchongea kiti cha kusalia, kiti cha mfenesi chenye mikono na mgongo, kizito kama kosa lenyewe. Maalim Nahodha, imamu wa msikiti wao, aliruhusu mgonjwa asali juu ya kiti. Lakini msikiti ulikuwa mdogo, na kiti kikiachwa ndani watu walijikwaa. Basi kila sala, isipokuwa ya alfajiri, Silima alikibeba kichwani kwenda, akakibeba kichwani kurudi, na Mjaka akimfuata kwa kuchechemea.

Kupona, Mjaka alipona. Aligundua mwenyewe siku moja alipokwenda Mtoni kumtengenezea mtu saa ya ukutani. Ng'ombe alikata kamba, akamjia. Mjaka alikimbia, akapita magofu ya kasri, akaruka mtaro, akapanda ukuta, na alipokwisha kukaa juu ya ukuta ndipo alipokumbuka kwamba ana goti. Akalibonyeza. Kimya. Akalikunja na kulikunjua. Kimya vilevile. Alifurahi kweli, na njia nzima ya kurudi mjini alikuwa akipanga maneno ya kumwambia Silima. Alipofika nyumbani alikuta pipa limejaa maji, changu wawili wanene wametundikwa jikoni, na watu wa barazani wakainuka kumpisha akae kwenye mto wa kukalia. Mto ulikuwa laini. Mjaka akaona si vibaya kama habari ile itangoja kesho.

Hiyo kesho ilikawia. Ikaja miaka ya foleni, foleni ya mchele, foleni ya sukari, foleni ya unga, na Mjaka alipotokea pembeni anachechemea, hakukosa mtu wa kusema, "Mpisheni mgonjwa." Alipishwa mpaka mbele, akaondoka na sukari yake huku watu waliokuja tangu alfajiri wakimwombea shifaa. Jumapili, wenzake walipokwenda kubeba matofali ya majumba mapya ya Michenzani, yeye alipewa kazi ya kukaa kivulini kuangalia mikoba. Msikitini kiti chake kiliwekwa penye dirisha, na upepo wa dirisha lile aliuona kama sehemu ya matibabu. Kilichomchosha ni kitu kimoja tu, mwendo. Silima alikwenda polepole mno. Mjaka alijua anafanya hivyo kwa huruma, ili asimwache mgonjwa nyuma, lakini kuna siku alitamani kumwambia huruma ipungue kidogo wafike.

Mkewe, Kazija, alijua. Mke gani asingejua? Alimwona kila alfajiri akisali chumbani, wima, akisujudu na kukaa na kuinuka kama kijana wa chuoni, kwa sababu saa hiyo hapakuwa na wa kumbebea kiti. Kazija alikuwa na ulimi, lakini na sukari alikuwa nayo, tena katika mtaa usio na sukari. Kwa hiyo ulimi ulipumzika.

Siku moja ya mwaka wa sabini na mbili Kazija alirudi kutoka hospitali kumtazama mgonjwa, akavua buibui, akaketi, akamtazama mumewe kwa furaha isiyo ya kawaida.

"Mjerumani wako karudi."

Mjaka alikuwa na saa ya mkono wazi mbele yake. Kibano kikamtoka.

"Mjerumani gani?"

"Una Wajerumani wangapi? Krauze. Anawatafuta wote aliowafunga magoti, anataka kuona miaka imeyafanyia nini. Lililopona anafurahi. Lisilopona analifungua tena. Kaja na vyombo vipya, vyang'ara."

 Akili ya Mjaka, ambayo kwa saa ilikuwa nzuri, ilianza kuzunguka. Akisema hajapona, atakatwa. Akisema kapona, basi alipona lini? Ramadhani iliyopita tu Maalim Nahodha alikuwa amedarsisha, akasema kwamba mwenye kuweza kusimama akisali fardhi ameketi, sala hiyo hana, na ataulizwa, na njia yake ni kulipa, moja baada ya moja. Mjaka siku hiyo aliisikiliza darsa hiyo akiwa kitini, dirishani, akitikisa kichwa kukubali.

"Ntamwambia nimepona nusu," alisema.

"Nusu ipi? Ya juu au ya chini?"

Aliitwa hospitali, hakwenda. Akaitwa tena, akasema goti linamuuma, hawezi kutembea mpaka huko. Alijiona mjanja sana kwa jibu hilo, mpaka Krauze alipotuma kusema kwamba kama goti ni baya kiasi hicho, atakuja mwenyewe kesho baada ya alasiri.

Na Silima, kwa mapenzi yake, akaongeza kuni motoni. Aliposikia rafiki yake huenda akakatwa tena, alimwendea Maalim Nahodha akamwomba aje kusoma dua. Kwa hiyo kesho yake, barazani kwa Mjaka, walikuwapo Krauze, nywele zimekuwa nyeupe, Maalim Nahodha na tasbihi yake, Silima kwenye kibao cha chini, Kazija nyuma ya mlango uliobaki wazi kidogo, na Mjaka katikati yao kwenye kiti cha mfenesi, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele kama mtu aliyeleta bidhaa asiyotaka kuiuza.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Allah akupe shifaa."

"Amin," akasema Silima, kwa sauti kubwa kuliko ya mgonjwa.

Krauze akapiga magoti sakafuni, akalishika goti kwa mikono miwili. Akabonyeza. "Hapa inauma?"

"Sana, Dokta."

"Hapa?"

"Hapo ndo usiseme."

"Hapa pana nyama tu," alisema Krauze, bila ubaya. Akaukunja mguu, akakaa kidogo juu ya unyayo ili usihame, akauvuta muundi kuja kwake, kwa nguvu. Muundi haukuja. Akavuta tena. Uso wake ukaanza kupata nuru, na nuru ile ilimtisha Mjaka kuliko kisu. Kisha daktari akatoa mfukoni futi kama ya mshona nguo, akapima paja la kulia, akapima la kushoto, akarudia la kushoto.

"Mguu ambao haufanyi kazi, paja linakonda," alisema, akimgeukia Maalim kwa kuwa ndiye aliyeonekana mtu wa kusikiliza. "Hili halikukonda. Hili ni nene kuliko jingine. Goti hili limepona. Ni goti zuri kabisa. Nimeona mengi mwezi huu, mengine yameanza kukwaruza, mengine yanavimba. Hili ni zuri kuliko yote." Machozi yalimlengalenga. Alikuwa mtu mzima aliyekuja kutoka mbali kuona kama kazi ya mikono yake imedumu, na imedumu.

"Alhamdulillahi," alisema Maalim Nahodha. Kisha tasbihi ikasimama vidoleni. "Limepona lini, Dokta?"

"Kwa paja hili? Miaka. Pengine mwaka ule wa kwanza."

 Maalim alimtazama Mjaka, akakitazama kiti, akamtazama tena Mjaka. Tasbihi ikaanza kwenda upya, na safari hii haikuwa dhikri, ilikuwa hesabu.

"Alfajiri nimesali nyumbani, Maalim," Mjaka alisema kwa haraka. "Zote. Nimesimama wima. Za alfajiri uzitoe."

"Ulikuwa ukisimama?"

"Wima kabisa. Kazija shahidi."

"Kwa hiyo ulikuwa ukijua kuwa unaweza."

Nyuma ya mlango kilisikika kicheko kilichozibwa kwa upande wa kanga.  Mjaka alibakiwa na tawi moja tu la kushika, naye akalishika.

"Dokta, wewe umekuja leo. Goti hulioni likinitesa. Yupo aliyeliona siku zote. Silima, waambie."

Silima hakuwa mtu wa kusema uongo, wala hakujua kwamba ameitiwa uongo. Kwake goti la rafiki yake lilikuwa bovu, na mkosaji ni yeye. Akainuka ili aseme kwa heshima. Kuinuka kwenyewe kulichukua muda: aliweka kiganja ukutani, akatanguliza mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akangoja kidogo, ndipo akasimama.

"Anateseka, Dokta, mie najua. Si kwamba linauma kila saa. Linaondoka. Uko kwenye ngazi unateremka na ndoo, unaweka mguu, na goti halimo, limekwenda pembeni, mpaka ushike ukuta. Ukigeuka ghafla lakuacha. Jioni linavimba, asubuhi ni gumu kama ubao, mpaka ulisugue kwanza ndo likubali. Na ukibeba kitu kizito unalisikia ndani lasaga. Basi wajifunza kwenda polepole. Ukenda polepole watu hawajui."

Krauze alikuwa amenyanyua kichwa tangu neno la ngazi.

"Nani amekwambia hayo?"

"Hakuna aliyenambia."

"Huyu," alisema Krauze akimnyooshea kidole Mjaka, "ameniambia inauma mahali pa nyama. Wewe umenieleza goti lisilo na ukano. Mtu hawezi kulijua hivyo kwa kumtazama mwenzake. Kaa. Kaa hapo."

Cha kukalia kilikuwa kimoja tu cha maana. Mjaka aliinuka bila kuombwa, akasahau kuchechemea, na Silima akakaa kwenye kiti alichokichonga mwenyewe na ambacho hakuwahi kukikalia. Alikunja suruali kwa haya. Goti la kulia lilikuwa limetuna kwa pembeni, na paja lililokuwa juu yake lilikuwa limekonda hata bila kupimwa. Krauze aliushika muundi, akauvuta taratibu, nao ukaja mbele, laini, kama mtoto wa meza, ile droo, anavyovutwa.

Hata Kazija alitoka mlangoni.

"Tangu lini?" aliuliza Krauze.

Silima alitazama sakafu. "Siku ileile. Magoti yetu yalilia pamoja."

Mjaka aliikumbuka ka ya kwanza na ka ya pili. Alikuwa ameishi na sauti mbili zile kila alipohadithia kisa chake barazani, akazitumia kukinogesha, na hata mara moja hakujiuliza ya pili ilikuwa ya nani.

"Kwa nini hukusema, bwana wee?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa.

"Ningesemaje? Mie ndo niliyekuvunja. Ulikuwa kitandani na plasta mpaka kiunoni. Nije nikwambie na mie naumwa?"

"Baadaye. Mwaka wa pili. Wa tatu."

"Baadaye nikaona wewe ulokatwa na kushonwa bado wateseka namna hii. Nikasema, huyu kafanyiwa kila kitu na hajapona, mie ntapona kwa lipi? Nikanyamaza."

Hapo ndipo Mjaka alipotamani ardhi ipasuke. Ingekuwa amelipa sala elfu kwa kusimama juani, asingeona aibu kama aliyoiona kwa maneno hayo, yaliyosemwa bila kulaumu. Uongo wake wa mto na sukari ulikuwa umemfunga mwenziwe mlango wa hospitali.

Krauze alilichezesha goti lile kwa muda mrefu, akalisikiliza likikwaruza chini ya kiganja. Alisema kwamba wangekuja wawili mwaka ule, pengine leo angekuwa na magoti mawili ya kujivunia. Sasa mfupa ulishalika. Kulifungua hakungerudisha kilichosagika. Alichoweza ni kumfundisha mazoezi ya kulitia paja nguvu, kumpa fimbo, na kumkataza ndoo, makaa, ngazi na mizigo.

"Mzigo gani anabeba zaidi?" aliuliza.

Wote wakakitazama kiti.

Hukumu ya Maalim Nahodha haikuwa ndefu. Za alfajiri alizitoa, maana alikuwa mtu wa haki. Zilizobaki zitalipwa, kila baada ya fardhi, msikitini, mbele ya watu waliomwombea shifaa. "Na kiti," alisema akiinuka, "kitabaki na ruhusa yake. Mwenye goti tu ndiye aliyebadilika."

Magharibi ya siku ile Mjaka alikibeba kiti kwa mara ya kwanza. Hakujua kuwa ni kizito vile. Kilimbonyeza utosi, kikamkaza shingo, na kila baada ya nyumba tatu mtu alimsimamisha.

"Mjaka, ushapona?"

"Nshapona."

"Lini?"

"Muulize Maalim."

Silima alisali penye dirisha, kwenye upepo. Fardhi ilipokwisha Mjaka alisimama peke yake kwenye mkeka, watu wakimtazama, akaanza kulipa. Nyuma yake alisikia kiti kikilia kidogo, Silima akijiweka sawa.

"Umefika wapi, yakhe?" aliuliza Silima alipomwona anatoa salamu kwa mara kadhaa.

"Bado mwezi wa kwanza."

"Usende mbio. Hapa pana upepo mzuri, sikujua." Na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka, cheko lile la barazani, la mtu aliyemfungia mwenziwe nyumba kwenye bao.

Wakatoka. Mjaka alikuwa na kiti kichwani na hakuwa tena na sababu ya kuchechemea, kwa hiyo alikwenda mwendo wake, mwendo wa winga, akiuonea raha baada ya miaka. Alifika kwenye kona ya duka la sukari, ambako foleni ilikuwa bado haijaisha, akageuka kusema neno, akakuta yuko peke yake. Silima alikuwa nyuma sana, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine ukipapasa ukuta, anakuja kwa mwendo wake wa siku zote. Ulikuwa uleule hasa. Mjaka alisimama na kiti kichwani akautazama mpaka ulipomfikia, mwendo ambao miaka yote alidhani ni huruma.

Akakiteremsha kiti katikati ya kichochoro.

"Kaa kwanza."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Kaa, Silima."

Silima akakaa. Mjaka naye akaketi chini kwenye mawe, miguuni pake, akalikunja goti la kushoto likakaa vizuri chini yake, mbele ya macho ya foleni nzima ya sukari, na wapita njia wakawazunguka.